Uji wa Jina na Kadi ya Pili

Kama hujawahi kukaa benchi la Gora, pale nyuma ya Ushirika wa Karanga, basi mji huu wa Kaolack hujaujua, umepita tu. Benchi lenyewe ni ubao wa gari la farasi lililokufa, limewekwa juu ya matofali na kuegemezwa ukutani. Nyuma ya ukuta huo kuna chumba cha baridi, na ndani ya chumba inakaa ile mashine wanayoiita seva, inayotunza majina ya wakulima wote na uzito wa magunia yao. Baridi inabaki ndani na mashine, joto lote linatupwa nje kwa kifeni na kutupiga sisi migongoni. Mashine yenyewe hatujaiona, lakini tunamwita Bibi, na tunamjua kwa sauti: pale dirisha la mizani kuna kidude kinachotafuna karatasi kila mkulima akipimiwa, kre-kre-kre. Bibi akiwa mzima, karatasi zinatafunwa. Akinyamaza, foleni ya wakulima inafika barabarani na Gora anauza kahawa mpaka birika linaomba huruma. Mimi ni Ndumbe Diop, shangazi wa mtaa mzima. Shule niliipita kwa nje nikielekea sokoni. Lakini siku hii nilikuwepo, kwa hiyo usiniambie fulani alikuambia nini.

Asubuhi hiyo Bibi alikuwa amenyamaza, nami nilikuja na bakuli.

Bakuli kubwa, la uji mzito wa mtama, maziwa mgando juu yake, na zabibu nilizozichagua moja moja, limefunikwa kitambaa cheupe. Huku kwetu mtoto akitimiza wiki anapewa jina asubuhi, na uji huo ndio unaoliwa jina likishatamkwa. Kabla ya hapo hauguswi. Sasa kijana wangu Suleye, mtoto wa kaka yangu, niliyemlea mimi tangu hajaota meno kwa sababu wangu mwenyewe Mungu hakunipa, yuko ng'ambo, Libreville, na mkewe amejifungua msichana. Alinitumia sauti kwenye simu: "Shangazi, kaa karibu na simu siku ya jina, utasikia mwenyewe." Mtu akikuambia utasikia mwenyewe, wewe utaelewa nini? Nilielewa hivyo hivyo: jina ni langu. Mtaa mzima ulielewa hivyo, kwa sababu niliuambia.

Basi nikaliweka bakuli chini ya benchi, simu nikaiweka magotini, nikakaa.

Pembeni yangu alikuwa Sufuria. Jina lake halisi ni Masamba Ndiaye, mwenye gari la farasi, na hilo la Sufuria nilimpa mimi. Yeye Ndiaye, mimi Diop, ni watani tangu mababu, na hakuna Ndiaye asiyependa wali kuliko ndugu zake. Hilo halina mjadala. Upande ule alikuwa Mzee Gana, tunayemwita Transista, fundi wa redio aliyestaafu kwa sababu redio zenyewe zilistaafu. Gora mwenyewe alikuwa anapuliza mkaa.

Sufuria: Shangazi, hilo bakuli linanukia maziwa.

Mimi: Ondoa pua yako. Jina kwanza, uji baadaye.

Sufuria: Jina si tunalijua? Ndumbe. Haya tule.

Mimi: Ndiaye na tumbo lake. Imamu hajaliona hata sikio la mtoto, wewe unataka kijiko.

Sufuria: Nitamhurumia huyo mtoto. Kuitwa Ndumbe, halafu na hicho kicheko akirithi.

Nikacheka, na mimi nikicheka, ng'ambo ya barabara wanajua. Gora anasema kicheko changu kinamwagia wateja kahawa.

Gora: Kuna mwenzenu humo ndani hacheki. Yule fundi wa Dakar yumo tangu nilipowasha mkaa.

Transista: Yule kijana mrefu, Waly?

Gora: Huyo huyo. Jana kaiongezea mashine kadi ya pili ya mtandao, na jana hiyo hiyo mashine ikaziba mdomo.

Sufuria: Kadi ya nini, ya harusi?

Gora: Ya mtandao, bwana wee. Ni pale kebo inapoingilia. Ndiyo mdomo na masikio ya mashine. Ilikuwa nayo moja. Wakubwa wakasema hiyo moja ikifa katikati ya msimu wa karanga, tumekwisha. Itiwe ya pili. Hii ikianguka, ile inadaka.

Transista: Ni kama ile redio yangu. Betri ndani, umeme ukutani. Umeme ukikatika, betri inadaka, hata msomaji wa habari hashtuki.

Sufuria: Sasa mbona msomaji wa habari kafa kabisa?

Transista akanywa kahawa.

Sufuria: Nawaambia mimi. Kadi ya kwanza imeletewa mke mwenza bila kuulizwa. Miaka yote inapika peke yake, inalisha Ushirika mzima, halafu asubuhi moja mlango unafunguliwa, huyu hapa mwenzako, mgawane zamu. Ungekuwa wewe, ungepika?

Gora: Kwa hiyo imesusa.

Sufuria: Imesusa. Na ile mpya nayo inaona haya, imejikalia na waya wake. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba ndiyo hiyo kebo. Wahenga walijua.

Mimi: Wahenga walijua kebo?

Sufuria: Walijua. Walinyamaza tu kwa heshima.

Gora: Mimi naona tamaa. Mshika mawili moja humponyoka. Hapa yameponyoka yote mawili.

Sufuria: Hiyo methali ni ya wanaume, Gora. Bibi ni mwanamke, yeye anashika hata manne.

Nilicheka tena, huku jicho liko kwenye simu. Simu imetulia. Libreville jua linatangulia kidogo, kwa hiyo nilijua imamu ameshafika, ameshakaribishwa, labda anaosha miguu. Watu wa huko hawana haraka, nikajiambia. Nikaipangusa simu kwa ncha ya kanga, ingawa ilikuwa safi.

Mara simu ikalia.

Niliruka mpaka kahawa ikanimwagikia, kumbe inayolia si yangu. Ni ya Transista. Akaitazama kwenye kioo, akaondoa miwani, akaitazama tena. Halafu akainuka, kikombe mkononi, akaenda mpaka kona, nyuma ya rundo la maganda ya karanga.

Sasa mjue jambo moja. Transista ana binti yake huko Libreville, mtaa mmoja na Suleye wangu, wanaazimana mpaka chumvi. Na Transista hajawahi kuinuka kwa ajili ya simu. Simu zake huzungumzwa hapo hapo benchini, kwa sauti inayofika Libreville bila msaada wa simu.

Akarudi. Kikombe kimejaa vile vile. Akakaa mbali kidogo na pale alipokuwa amekaa, upande usio na bakuli.

Mimi: Nani?

Transista: Nani nani?

Mimi: Aliyepiga.

Transista: Ah. Watu wa Kaffrine. Mambo ya mbuzi.

Mimi: Mbuzi wa kuzungumziwa kona.

Transista: Ni mbuzi wa siri.

Sufuria akacheka. Mimi nikacheka kumshinda. Transista hakucheka. Alikuwa anaitazama njia ya wakulima kana kwamba amemwona mtu anayemjua, na njiani palikuwa na punda tu.

Transista: Nimekumbuka kitu. Mashine hii ikilala, simu za nchi za nje hazipiti.

Gora: Tangu lini?

Transista: Tangu zamani. Mtandao ni mtandao, Gora. Mimina kahawa.

Gora: Lakini mzee, mashine si ya kara...

Transista: Mimina kahawa, mwanangu.

Gora akamtazama, akanitazama mimi, akalitazama bakuli. Akamimina. Akamimina mpaka kwenye kikombe changu ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

Sufuria ni mtu wa farasi, na mtu wa farasi huzoea kusoma masikio. Alizungusha macho mara moja tu, kutoka kwa Transista mpaka kwa Gora, akakohoa.

Sufuria: Ndiyo maana. Yaani ndiyo maana kabisa. Mimi nilikuwa nashangaa hapa, mbona Suleye hajapiga. Kumbe anapiga.

Transista: Anapiga mpaka kidole kinamuuma.

Sufuria: Maskini kijana. Na jina analo mdomoni.

Gora: Nasikia hizo sauti zinapita ndani ya kebo, chini ya bahari.

Sufuria: Chini ya bahari kuna nini? Samaki. Basi samaki kauma.

Gora: Samaki aume waya?

Sufuria: Chewa ana meno wewe. Sisi tunamla na wali kila tukijaliwa, naye siku mojamoja anauma. Ndiyo maana wakasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Kebo ilikimbia sakafuni mwa bahari, ilipofika ukingoni, kwisha.

Transista: Si samaki. Ni jini la baridi. Mnajua kwa nini chumba kile kinawekwa baridi hivyo? Mashine yenyewe inaweza kukaa hata kwenye joto la tanuri. Baridi ni ya mgeni wake. Wamemwekea kadi ya pili, akadhani ni mlango wa kutokea, akakaa mlangoni. Sauti ya Suleye imefika pale imemkuta amekaa. Itapitaje?

Gora: Inabisha hodi.

Transista: Inabisha hodi mpaka sasa.

Sufuria: Na nyuma yake wamejipanga wengine, kila mtu na salamu zake, kama magari ya farasi siku ya soko. Akitoka huyo jini tu, Shangazi, utasikia simu yako ilivyo na kelele. Suleye ndiye wa mbele kabisa.

Nilicheka mpaka kilemba kikalegea. Lakini nimewaambia, shule sikusoma, masikio ninayo. Hawa watatu hubishana hata kama jua limetoka au bado. Mmoja akisema leo Jumanne, mwingine anaomba ushahidi. Asubuhi hiyo walikuwa wanakubaliana. Benchi likikubaliana, ujue kuna maiti ndani ya nyumba.

Mlango wa nyuma ukafunguka, akatoka fundi mwenyewe, Waly Faye, mrefu kama mchi, amevaa koti zito kwenye joto lile kwa sababu ya kile chumba. Kijana mpole. Analala nyumba ya wageni, anakula peke yake dirishani, nimemwona. Akavua koti, akakaa katikati yetu amelipakata.

Waly: Asalaam aleikum. Umeamkaje, Shangazi?

Mimi: Waleikum salaam. Nimeamka vizuri, lakini umetuulia Bibi.

Waly: Hajafa. Nimeshaupata ugonjwa wake. Ni jina.

Gora akashika birika hewani.

Mimi: Jina lina nini?

Waly: Kila kadi inapewa anwani yake, ndilo jina lake, ili mashine nyingine zijue zimwite nani. Sasa jana nilikuwa nimechoka. Ya kwanza ina jina lake tangu zamani, kila mtu analijua. Nilipofika kwa ya pili, mkono ukaenda wenyewe, nikaipa jina la mkubwa wake.

Sufuria: Ukaifanya somo.

Waly: Somo kabisa. Si ndivyo tunavyofanya kwetu? Unampenda mkubwa, mdogo unampa jina lake. Lakini mashine haijui adabu hizo. Ujumbe unakuja unaita jina, wanaitika wawili. Swichi inachanganyikiwa, haijui impe nani.

Mimi: Swichi ya taa?

Waly: Hapana, Shangazi. Ni kisanduku kinachogawa kebo. Nacho kinaitwa swichi.

Mimi: Basi na hicho nacho ni somo.

Fundi akacheka, ndipo nikajua ana pengo kinywani. Alikuwa mtu mzuri zaidi akicheka.

Sufuria: Lakini fundi, kwetu kuna Kumba watatu nyumba moja. Ukiita Kumba, anakuja mwenye njaa. Hakuna ugomvi.

Waly: Mashine haina njaa.

Sufuria: Hapo ndipo mlipokosea kuitengeneza.

Transista: Sasa utafanyaje, umnyang'anye mdogo jina?

Waly: Nawavua wote wawili. Nazifunga kadi mbili kuwa fungu moja, na jina nalipa fungu. Ni kama jina la nyumba. Nje wanaita nyumba. Ndani, ya kwanza ndiyo inayoitika. Ya pili inakaa.

Mimi: Inakaa inafanya nini?

Waly: Inasubiri.

Mimi: Inasubiri nini?

Waly: Ya kwanza ianguke.

Mimi: Na isipoanguka?

Waly: Inaendelea kusubiri.

Mimi: Hata miaka?

Waly: Hata miaka, Shangazi. Kuna moja niliichomoa mahali fulani kusini, imekaa mpaka vumbi limeota manyoya. Haijawahi kupitisha hata neno moja. Nzima kabisa. Taa yake ya kijani inawaka.

Mimi: Haina jina, haina wa kuongea naye, taa inawaka.

Waly: Ndiyo kazi yake hiyo. Kuwepo.

Kifeni kikatupulizia joto mgongoni. Mimi nilitafuta kicheko, nikakikuta mbali kidogo, nikakivuta.

Mimi: Basi muiwekee hata kahawa.

Wakacheka wote kwa pamoja, kwa haraka, kama watu waliofunguliwa mlango.

Sufuria: Fundi, hebu waambie hawa wasioamini. Mashine hii ikilala, simu za nchi za nje si hazipiti?

Waly: Simu? Hii ni ya karanga tu, haihusiani na...

Nikaona mguu wa Sufuria ukisafiri chini ya benchi. Una kiatu cha mpira wa gurudumu ule mguu, mzito. Ulipofika, fundi alishtuka mpaka koti likamponyoka.

Waly: Haihusiani na... yaani, inategemea. Mambo ya mtandao yanaingiliana.

Mimi: Yanaingiliana vipi?

Waly: Kwa mbali, Shangazi.

Mtoto wa watu. Hajui anadanganya kitu gani wala kwa ajili ya nani, na bado alijitahidi. Nikaona nimsaidie.

Mimi: Mimi mbona nimejiandaa kama hiyo mashine yenu. Tazama, laini mbili. Suleye mwenyewe alininunulia ya pili siku ile anaondoka. Akaniambia, hii ikikataa, Shangazi, nitakupata kwa ile.

Waly: Zote ziko kwenye simu hii moja?

Mimi: Hii hii.

Waly: Hapo ni kebo mbili kwenye swichi moja. Hilo nalo nimelikuta humo ndani nimelirekebisha. Mtu anaweka kadi mbili, kebo mbili, anajisifu, halafu zote anazichomeka kwenye kisanduku kimoja. Kikizimika hicho kimoja...

Mimi: Haijazimika. Angalia mwenyewe, wewe ni fundi.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaibonyeza hapa na pale, akaiweka sikioni, akasikiliza. Benchi zima lilikuwa linamtazama yeye, lakini yeye alikuwa hajui.

Waly: Nzima kabisa, Shangazi.

Akanirudishia. Nadhani hapo ndipo maneno yake yalipomrudia mwenyewe, maana alimeza kahawa yote kwa mkupuo ikiwa ya moto, akasema wacha niende nikamalizie, akaliacha koti.

Tukabaki. Sufuria akaanza hadithi ya farasi wake aliyekataa kuvuka reli mpaka aombwe radhi. Nimeshaisikia. Safari hii farasi aliongezewa mbawa kidogo. Gora akauliza maswali, Gora ambaye huwa anasema farasi yule ni punda aliyejipaka. Transista akasema anamfahamu mganga wa majini ya mashine, yuko njia ya kwenda Fatick, anatumia maji ya barafu na misumari. Kila mmoja alikuwa anazungumza kama mtu anayetupia kuni motoni ili moto usizime. Nami nilikuwa nawachekea. Ningefanya nini? Mtu akikutandikia mkeka, kaa.

Kisha tukasikia kre.

Kre-kre. Kre-kre-kre.

Foleni ikapiga vigelegele. Akina mama wakanyanyua magunia. Fundi akatoa kichwa dirishani.

Waly: Sikilizeni sasa. Nachomoa ya kwanza.

Kelele zikatulia. Kre-kre, kre... Kimya, kama pumzi inayomezwa. Nilijikuta nimeushika mkono wa Sufuria. Halafu, kre-kre-kre, kama kawaida.

Waly: Hiyo ni ya pili inayoongea.

Watu wakampigia makofi. Mimi nilimwambia Gora, umesikia, ya pili nayo leo imepata wa kuongea naye. Lakini fundi alikuwa bado dirishani.

Waly: Sawa. Sasa naichomeka ya kwanza irudi kazini kwake.

Na ya pili ikarudi kukaa.

Basi Bibi amepona. Karatasi zinatafunwa, karanga zinapimwa, jini ametoka, chewa ameachia waya. Benchi zima likaitazama simu yangu. Sikuwaambia waitazame. Ilikuwa pale magotini, imetulia kama jiwe la kusagia.

Gora: Lazima ichukue muda. Zimejaa sana.

Sufuria: Foleni. Si niliwaambia foleni?

Transista: Kwanza zinapita za serikali.

Gora: Ndiyo, za serikali kwanza.

Jua lilikuwa limeshapanda ukutani, karibu kufika dirishani. Mtoto haitwi jina saa hiyo; limeshatamkwa, na lingekuwa langu simu ingeshalia. Saa hiyo kondoo ameshachunwa, watu wanauliza nyama iko wapi. Nalijua hilo, nimesimamia hizo shughuli nyingi kuliko meno yangu. Shangazi upande wa baba ndiye anayemshika mtoto anaponyolewa. Na wao walijua kwamba najua.

Ndipo akaja mama mmoja. Ametoka kupimiwa, mwanamke wa vijijini, kilemba cha njano, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, magunia yake matupu ameyakunja kwapani. Alikuwa na uso wa mtu aliyesafiri tangu gizani. Akasalimia mmoja mmoja kama inavyotakiwa, habari za nyumbani, habari za uzima, habari za uchovu, tukamwitikia. Akakaa mwisho wa benchi. Gora akampa kahawa iliyobaki chini ya birika, yenye machicha.

Akanywa. Halafu pua yake ikafanya kazi, akainama, akakiona kile kitambaa cheupe.

Yule mama: Mtama na maziwa. Uji wa jina huu. Mashaallah. Mungu amkuze, amjalie umri, amweke kwenye mikono ya wazazi wake.

Tukasema amin. Wote, kwa pamoja.

Yule mama: Mtoto anaitwa nani?

Gora akachukua kikombe kisafi akaanza kukisugua. Sufuria, ambaye ana methali hata ya punda aliyekufa, aliangalia kiatu chake. Transista akafungua mdomo. Nikamtazama. Akaufunga.

Kre-kre-kre, huko dirishani.

Yule mama: Samahani, au nimekosea? Si uji wa jina?

Mimi: Ni wa jina, mwanangu. Hujakosea.

Akanitazama, akawatazama wanaume, na mwanamke ni mwanamke, hakuuliza tena.

Mimi: Gora, kahawa ipo?

Gora: Imekwisha, Shangazi.

Mimi: Basi leta vijiko.

Nikalivuta bakuli, nikaondoa kitambaa, nikakikunja vizuri nikakiweka begani. Zabibu zilikuwa zimevimba kwenye maziwa, zimependeza. Yule mama alianza, maana alikuwa na njaa ya kweli. Gora akafuata. Transista alichota kidogo sana, akakaa nacho mdomoni. Fundi akatoka kulifuata koti lake, nikamkalisha hapo hapo, nikampa kijiko changu.

Sufuria hakugusa. Kijiko kilikuwa mkononi, lakini hakugusa.

Mimi: Nini wewe? Si umeanza kuulilia tangu asubuhi?

Sufuria: Nasubiri, Shangazi.

Mimi: Ndiaye gani anasubiri chakula? Kula, usiwatie aibu mababu zako.

Akala. Alikula ameinamisha kichwa, na hakusema kwamba sukari imepungua, ingawa ilikuwa imepungua. Nami nilikaa nikiwatazama wakila, simu nimeiacha magotini, uso juu, laini zote mbili, taa inawaka.